Maneno Aliyoyapunguza Bacar

Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa nne na barabara ya kutoka Olumbi hadi Awasse ilikuwa imejaa mabomu ya kutegwa, ndipo jeshi la Wareno lilipoleta daktari wa upasuaji kwenye hospitali ndogo ya ghuba ya Tungue. Alikuwa kapteni, mtu mwembamba mwenye miwani, na jina lake Alberto. Aliletwa kwa ajili ya askari, lakini majeruhi wazito walichukuliwa na helikopta, na mara nyingine wiki nzima ilipita asipate kazi zaidi ya vidole vilivyokatika na majipu. Hapo akaanza kuwatazama vizuri raia waliokaa barazani wakisubiri dawa. Ndipo alipouona ugonjwa ule.

Wenyeji waliuita ugonjwa wa kukwama. Ulianza na muhogo mkavu kugoma kushuka, mtu akadhani amekula kwa pupa. Baada ya miezi miwili wali nao ukagoma. Kisha samaki, kisha uji, mwisho hata maji yakawa yanarudi kwa mdomo na pua. Mpaka mtu aje hospitali, nguo zilikuwa zikimning'inia kama zimetundikwa ukutani.

"Saratani ya umio," daktari alimwambia msaidizi wake. "Kwetu Lisboa nimeona watatu kwa miaka mitano. Hapa nimeona kumi na mmoja tangu mvua zianze. Kwa nini, Bacar? Lazima kuna sababu."

Msaidizi huyo, Bacar Buanali, alikuwa na miaka thelathini na miwili. Baba yake alikuwa mvuvi, naye akasomeshwa uuguzi miaka mitatu kwenye kisiwa cha Ilha, akarudi na cheo cha enfermeiro, yaani muuguzi, wa daraja la chini. Hospitali nzima hapakuwa na mwingine aliyejua Kireno, Kiswahili, Kimwani na Kimakonde cha kutosha kumwuliza mtu anaumwa wapi. Kila neno la daktari lilipita kwake kwenda kwa wagonjwa, na kila neno la wagonjwa lilipita kwake kurudi.

Daktari akaanza utafiti. Asubuhi Bacar alizunguka nyumba kwa nyumba na karatasi, akiuliza nani anavuta tumbaku na nani anaitafuna, nani anakunywa uji ukiwa wa moto sana, nani anakunywa pombe, nani anakula samaki wa kukaushwa kwa moshi. Mchana walipima na kuandika. Wagonjwa ambao bado walikuwa na nguvu kidogo, daktari alitaka kuwapasua: kufungua tumbo, kufungua kifua upande wa kulia, kukata sehemu ya umio iliyooza, kuvuta tumbo la chakula juu na kulishona na kipande cha umio kilichosalia. Ilikuwa kazi ya saa sita. Vipande alivyovitoa vilitiwa kwenye chupa za dawa, vikapelekwa Lisboa kwa ndege.

"Nikipata kumi naweza kuandika," alisema. "Hakuna aliyeandika habari za pwani hii. Na jina lako nitaliweka humo, Bacar. Si haki niliweke langu peke yake."

Maneno hayo yalimwingia Bacar mwilini. Kabla ya hapo hapakuwa na Mreno aliyewahi hata kumwambia kaa kitini. Daktari huyu alimfundisha kushika kifua wazi kwa vyuma, kuhesabu pumzi, kuijua damu mbaya na damu ya kawaida. Walikula meza moja. Huko nyuma Bacar alikuwa akisema "hospitali yao", siku hizi alijikuta anasema "sisi tunapasua Jumanne."

Uongo wa kwanza hakuupanga. Mgonjwa alikuwa mkulima wa Kimakonde aliyehamishiwa ndani ya uzio wa waya wa kijiji kilichojengwa na jeshi. Daktari alimwambia Bacar polepole, ili asipoteze neno: "Mweleze kwamba upasuaji huu bado najifunza. Mweleze kwamba hata kwetu Ulaya wengi hufa. Mweleze kwamba akikataa nitamwekea mpira tumboni, wamlishe uji kwa mpira huo, na pengine ataishi miezi minne, mitano. Halafu achague."

Bacar alimtazama yule mkulima. Mkewe alikuwa ameshika bakuli la mate pembeni. Kwao mgonjwa haambiwi usoni kwamba atakufa. Huambiwa pole, huambiwa Mungu yupo. Bacar akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa hiki: "Daktari anasema ni kazi kubwa, lakini Mungu akipenda utapona."

Mtu akakubali. Na akapona. Siku ya kumi na mbili alikula wali laini na mchuzi mbele ya daktari, akacheka mpaka akashika mshono. Bacar naye alicheka. Nani angemlaumu kwa kupunguza maneno mawili matatu?

Wa pili alikufa mezani. Wa tatu alikufa siku ya nne. Wa nne akapona, wa tano na wa sita wakafa, wa saba akapona. Kila mara daktari alieleza yote, na hesabu ya waliokufa aliiongeza humohumo: "Mwambie kati ya watano watatu wamekufa. Mwambie kati ya saba wanne." Na kila mara Bacar alisema ni kazi kubwa lakini Mungu akipenda. Mambo ya mpira wa tumboni aliyaacha kabisa. Alijiambia kwamba mpira ni kifo cha polepole, kwamba kwa kisu angalau yupo anayepona. Hilo lilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba wamebaki watatu kufika kumi, na hilo hakujiambia.

Wa nane akaja Pazi.

Pazi alikuwa fundi cherehani, asili yake Lindi, lakini amekaa pale miaka ishirini na zaidi. Nyumba yake ilitazamana na nyumba ya Bacar. Kanzu ya harusi ya Bacar aliishona yeye, na Bacar alipofiwa na mama, Pazi ndiye aliyeshika upande wa kichwa wa jeneza. Kwa miezi mitatu alikuwa akimficha jirani yake kwamba chakula hakishuki. Aliletwa na mkewe, Mastura, siku aliposhindwa kumeza chai.

"Mdogo wangu," Pazi alisema alipokaa mbele ya daktari, sauti yake imeshaanza kukwaruza, "mimi sijui Kireno cha watu wazima. Wewe ndiwe mdomo wangu leo."

Daktari alitazama picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. Akaeleza kama kawaida. Safari hii aliongeza jambo: "Ugonjwa wa huyu umepanda juu. Ni mgumu kuliko wa wenzake. Mwambie hivyo. Ningekuwa mimi, sijui ningechagua nini."

Bacar alisikia kila neno. Akageuka. "Daktari anasema ugonjwa ameuona, na anaweza kuukata. Ni kazi kubwa."

"Nitapona?"

"Mungu akipenda."

Pazi akafikiri. "Saquina amejifungua kule Mtwara," alisema. Saquina alikuwa binti yake wa pekee. Alivuka Ruvuma na mumewe mwaka wa kwanza wa vita. "Mtoto wa kwanza. Nimepata mtu wa kunivusha mto, baada ya wiki mbili yuko tayari. Nilitaka nimwone mjukuu wangu kwanza. Muulize daktari, hakuna njia nyingine? Hata ya kunishikiza tu niende nirudi?"

Mastura alimtazama Bacar. Daktari naye alimtazama. "Anasema nini?"

Njia ilikuwepo. Mpira ungewekwa kwa nusu saa, na wiki mbili baadaye angeweza kuvuka mto na kukaa na mjukuu miezi mitatu. Bacar alijua. Lakini alijua pia kwamba Pazi akivuka hatarudi, na alimwona tayari yule mkulima akicheka na sahani ya wali mkononi, akamwona Pazi mahali pake. Alitaka apone. Alitaka pia awe wa nane.

"Anauliza utampasua lini," akasema kwa Kireno.

Daktari akainua nyusi. "Jasiri huyu. Jumanne."

"Hakuna njia nyingine," Bacar akamwambia Pazi. "Ukipona utakwenda Mtwara kwa miguu yako."

Jumanne walimpasua. Kazi ilikwenda vizuri, na kwa siku tatu Pazi alilala akimminya Bacar mkono kila alipopita. Siku ya nne homa ikapanda. Siku ya tano mrija wa kifuani ukaanza kutoa usaha wenye harufu ya chakula, na daktari alipouona akaketi chini pale pale sakafuni kando ya kitanda, kwa kuwa alijua mshono wa ndani umeachia. Siku ya sita, saa nne asubuhi, Pazi alimwita Bacar kwa macho. Hakuwa na sauti tena. Alinyoosha kidole upande wa kaskazini, akakirudisha, akakinyoosha tena. Bacar alisema, "Ndiyo, kaka, utakwenda." Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa.

Bacar alimwosha yeye mwenyewe pamoja na watu wa msikiti. Alipoufikia mshono uliozunguka kutoka mgongoni mpaka kifuani, mmoja wa waoshaji alisema, "Wameshona kama gunia," na mwingine akamkanya: Bacar alikuwepo, alimpigania mwenzake mpaka mwisho. Bacar akaendelea kumwaga maji.

Baada ya arobaini Mastura alikuja hospitali na sahani imefunikwa kwa kawa. "Shemeji," alisema, "sikupata nafasi ya kukushukuru. Wengine wangemwacha afe barazani. Wewe ulimsemea." Akaiweka sahani mezani, akaondoka. Ilikuwa mikate ya kumimina. Bacar aliichukua, akaipeleka wodini, akaigawa yote, na siku ile hakurudi nyumbani kwa njia ya mbele. Alizunguka nyuma ya vibanda ili asipite mlangoni kwa Mastura. Tangu hapo ndiyo ikawa njia yake.

Wakati huo daktari alikuwa ameanza kuandika bila kungoja kumi. Jioni moja baada ya kazi alimwita Bacar, amefurahi, akamsomea kurasa alizopiga kwa taipureta. Zilieleza idadi ya wagonjwa, urefu wa uvimbe, siku walizoishi, tumbaku na uji wa moto. Alipofika ukurasa wa pili akasoma kwa sauti ya fahari: "Wagonjwa wote walielezwa kwa lugha zao hatari za upasuaji na njia mbadala, kwa ulimi wa enfermeiro Bacar Buanali, na wote waliridhia kwa hiari." Akainua macho. "Unaona? Nilikuahidi."

Bacar aliliona jina lake. Lilikuwa limeandikwa vizuri, halina kosa hata moja. Akasema asante, akatoka nje, akashika nguzo ya baraza mpaka vidole vikauma.

Wiki iliyofuata akaletwa mama mmoja aitwaye Tatu, mkulima wa Olumbi, mjane wa makamo. Naye chakula kilikwama. Daktari akaeleza: ni upasuaji mgumu, kati ya wanane watano wamekufa; au mpira, na miezi michache.

Bacar aliweka chini karatasi aliyokuwa ameishika. Kisha akamgeukia Tatu, akamwambia yote. Alisema wanane. Alisema watano. Alieleza mpira unapita wapi na uji unamiminwa vipi. Alisema neno kufa, si kwa mafumbo, na akaona mama yule akilipokea usoni.

Tatu hakulia. Aliuliza kama mpira unauma. Aliuliza kama ataweza kuinama. Aliuliza kama akibadili mawazo watampasua. Aliuliza hao watatu waliopona wako wapi sasa na kama wana nguvu za kulima. Mwisho akasema, "Nina mpunga nje ya waya, na askari wanaturuhusu kutoka asubuhi tu. Nipeni huo mpira niuwahi."

"Amekataa," Bacar alimwambia daktari.

Tatu alipotolewa chumbani, daktari alibaki anazungusha kalamu. "Ajabu. Wanane walikubali hata swali la hatari hawakuuliza. Huyu mmoja ameuliza kumi." Alisema kama mtu anayejisemea. Kisha kalamu ikasimama. "Bacar?"

"Huyu nimemwambia, senhor doutor."

"Na wengine?"

Bacar aliziangalia zile kurasa za taipureta mezani.

"Wangapi hukuwaambia?"

"Wote."

Daktari alivua miwani. Uso wake bila miwani ulikuwa wa mtu mwingine, mzee zaidi. "Yule fundi," alisema. "Yeye aliniuliza nitampasua lini. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Hukusikia yeye. Ulinisikia mimi. Yeye aliuliza kama hakuna njia nyingine ya kumfikisha Mtwara akamwone mjukuu wake."

Bacar alingoja kupigwa, au kuitiwa askari. Kumdanganya afisa wa jeshi wakati wa vita lilikuwa jambo la kumpeleka mtu gereza la mbali. Lakini daktari aliinuka akasimama dirishani, mgongo kwake, akasema kwa sauti ndogo: "Nilijiuliza mara mbili kwa nini hakuna anayekataa. Mara zote mbili nikafurahi, nikaacha kuuliza." Kisha akageuka akiwa na hasira, akapiga meza kwa kiganja. "Kwa nini? Nilikwambia uwaambie! Kila mara nilikwambia!"

"Niliogopa watakataa."

"Ni haki yao kukataa!"

"Najua. Na mimi nilitaka jina."

Daktari akaketi. Alizivuta zile karatasi, akatafuta ukurasa wa pili, akaipitishia wino sentensi ile yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, jina likiwa ndani. Bacar alidhani sasa atazichana zote. Hakuzichana. Wiki mbili baadaye zilikwenda Lisboa kwa ndege pamoja na chupa, pasipo sentensi ile, na daktari hakumpasua tena raia yeyote mpaka alipohamishwa. Alimpenda Bacar au alimchukia, Bacar hakujua. Tangu siku ile walikula meza mbalimbali.

Kwa Mastura alikwenda siku ya Ijumaa, kwa njia ya mbele. Alimkuta anafagia uani. Akakataa kiti. Akamweleza yote, swali la Pazi na jibu alilolitunga, akitazama ufagio kwa sababu usoni hakuweza.

Mastura aliacha kufagia. Halafu akauliza, "Angeishi siku ngapi kwa huo mpira?"

"Miezi mitatu. Pengine minne."

"Na angeweza kuvuka."

"Angeweza."

"Nilikuwa nimekaa pale pale," Mastura alisema. "Nilikuangalia mdomo. Nikasema moyoni, afadhali yupo Bacar." Ufagio ukamponyoka, akauacha ulale. "Na mikate yangu ukaila."

"Sikuila, shemeji."

"Usiniite hivyo." Akapumua kwa nguvu mara kadhaa, kama aliyepanda mlima. "Mimi sina la kukufanya. Nikisema nje watakuua, na sitaki damu nyingine mlangoni kwangu. Lakini Saquina ameletewa habari kwamba baba yake aliugua akafa, amri ya Mungu. Anaamini hivyo. Utakwenda kumwambia wewe, kwa mdomo huohuo."

Bacar alisema ataandika barua.

"Barua unaweza kuipunguza," Mastura akamjibu.

Ilimchukua miezi miwili. Aliomba kibali cha kwenda Mocímboa kuchukua dawa, akakipata, na alipotoka nje ya mji akageuza njia kuelekea kaskazini na familia ya Wamakonde waliokuwa wanakimbia. Walitembea kwa siku nne porini, wakijificha ndege zilipopita. Ruvuma waliuvuka mchana kweupe mahali maji yalipofika kifuani, wamebeba watoto mabegani, na mama mmoja alichukuliwa na mkondo mbele ya macho yao. Bacar aliufikia ukingo wa pili akiwa hana kibali, hana viatu, na hana kazi ya kurudia.

Saquina alikuwa akiuza samaki wa kukaanga mbele ya nyumba yake, karibu na soko la Mtwara. Alimtambua jirani wa utotoni, akapiga kelele ya furaha, akamkalisha, akataka kumpa chakula. Bacar alimwomba angoje. Akasema kilichomleta.

Alipomaliza, Saquina aliiepua karai motoni. Aliingia ndani, akakaa muda, akatoka na mumewe, mtu wa bandarini aitwaye Abibo. "Rudia," akasema. "Na yeye asikie. Usiache kitu."

Bacar akarudia. Safari ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa maana Abibo alimkatiza na kuuliza: mzee alisema nini hasa? Kwa maneno gani? Na daktari alisemaje hasa? Bacar akayarudisha maneno ya Pazi moja moja, hata lile la kushikizwa tu aende arudi. Hapo Saquina akalia kwa sauti, mtoto naye akaamka ndani akaanza kulia. Abibo akamsimamisha Bacar kwa kumshika mkono, si kwa ukali, akamtoa mpaka barabarani.

"Umefanya vizuri kuja," Abibo alimwambia. "Usije tena."

Bacar alipata kazi kwenye zahanati ya wakimbizi nje ya mji, kwa vile alijua lugha zote za waliokuwa wakivuka. Madaktari wa pale walikuwa wageni, na wao pia walihitaji mdomo. Wagonjwa wengine hawakumpenda. Walilalamika kwamba huyu muuguzi wa Tungue ana ulimi mgumu, anamwambia mtu mambo ya kutisha bila hata kumwandaa, na mara mbili mkuu wa zahanati alimwita kumshauri alainishe kidogo. Bacar alisikiliza, akaitikia ndiyo, akarudi kwenye benchi lake na kuendelea vilevile.

Soko la Mtwara hakulikwepa. Kila wiki alipita kununua samaki kwa wauzaji wa upande wa pili, na Saquina alipomwona alimwitikia salamu kama anavyomwitikia mtu yeyote, akaendelea kugeuza samaki kwenye mafuta.